Majina ya majedwali ya kanzidata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaotengeneza mifumo Unguja na Pemba: mifumo ya skuli, ya vituo vya kununulia karafuu, ya hoteli, ya tiketi za boti, ya ofisi za wilaya. Mifano ni ya PostgreSQL na MySQL, programu mbili za kuendeshea kanzidata. Tukisema MySQL tunaingiza na MariaDB, ambayo ndiyo hasa inayokuja ndani ya XAMPP, kile kifurushi cha kuendeshea seva kwenye kompyuta yako mwenyewe. Neno safu humu ni ile inayosimama wima, na mstari ni ule unaolala.

Kwani jina lina uzito gani? Si mtu aite apendavyo?

Kwa kompyuta, ndiyo. Jedwali liitwalo `x1` linafanya kazi sawasawa na liitwalo `mkulima`. Tabu inaanza jina linapotoka nje ya kanzidata. Linaingia kwenye msimbo, kwenye ripoti za mwisho wa mwezi, kwenye faili la Excel ambalo mhasibu ameliunganisha na seva, kwenye skripti ya chelezo (nakala ya akiba) inayojiendesha usiku. Siku utakayotaka kulibadilisha, kote huko kunakusubiri.

La pili, miongozo mingi ya majina iliandikwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiingereza neno hubadilika mkiani: unaongeza herufi moja mwisho, basi. Kiswahili neno hubadilika kichwani. Mwanafunzi wakiwa wengi ni wanafunzi, kituo kikizidi ni vituo, na kila kinachofuata nyuma kinavaa ngeli ya aliyetangulia. Sehemu kubwa ya ushauri ulio hapa chini inatokana na hilo tu.

Majina yawe ya Kiswahili au ya Kiingereza?

Lolote kati ya hayo, lakini moja. Kibaya ni kukuta `mkulima_name` pembeni ya `jina_kituo`, ukawa unakisia kila safu ilibatizwa kwa lugha gani. Vinavyosameheka ni vijineno ambavyo fremuweki yako (kiunzi cha msimbo, kama Laravel, Rails au Django) inavitegemea: `id`, `created_at`, `updated_at`. Hivyo viache kama vilivyo.

Ikiwa mfumo utakabidhiwa timu ya nje, au utabadilishana data na mifumo ya nchi nyengine, Kiingereza kitakupunguzia maelezo. Ikiwa watakaochota ripoti ni makarani na maofisa wanaoifanya kazi hiyo kwa Kiswahili tangu asubuhi, Kiswahili kinashinda kwa mbali, kwani jina la safu litakuwa lile lile lililoandikwa kwenye fomu ya karatasi. Na hata ukichagua Kiingereza, usitafsiri kisichotafsirika. `shehia`, `diko`, `makonyo` yabaki hivyo hivyo.

Ukichagua Kiswahili, amua na tahajia. Hapa tunasema skuli na mkaazi. Aliyesoma bara ataandika `shule` na `mkazi` bila kufikiri. Kuna anuani na anwani, ofisa na afisa, muamala na mwamala. Fungua faili moja ndani ya mradi, liite `kamusi.md`, andika neno lililochaguliwa na lile lililokataliwa. Mistari 30 inatosha kwa mfumo wa kawaida, na itakuokoa usikute `anuani` kwenye jedwali la mteja na `anwani` kwenye la muuzaji.

Jedwali liitwe kwa umoja au kwa wingi?

Kwa Kiswahili, umoja. Kwa Kiingereza ubishi huu hauna mwisho na pande zote mbili zina hoja, lakini hoja hizo hazihami nasi. Angalia:

```
umoja        wingi
mkulima      wakulima
kituo        vituo
duka         maduka
mti          miti
ufunguo      funguo
nyumba       nyumba
```

Safu inayoelekeza kwenye jedwali jengine haina budi kuwa ya umoja, kwa sababu kila mstari unaelekeza kwa mtu mmoja: `mkulima_id`. Jedwali likiitwa `wakulima`, ukitafuta neno `mkulima` kwenye msimbo wote utapata safu, hutapata jedwali. Mwenye `farmers` na `farmer_id` hana shida hiyo, maana neno la umoja limo zima ndani ya la wingi. Wetu analazimika kutafuta mara mbili, na siku akisahau mara ya pili ndipo kosa linapobaki.

Kisha kuna ngeli ambazo wingi hauonekani. `nyumba`, `shehia`, `boti`, `safari`, `tiketi`: umoja na wingi ni sura moja. Ukiweka kanuni ya wingi, sehemu nzuri ya majedwali yako haitaonyesha kama kanuni imefuatwa au la. Na pale unapoonekana, watu hawakubaliani. Mmoja ataandika `gari`, mwengine `magari`. Mmoja `picha`, mwengine `mapicha`. Umoja unaufunga mlango huo.

Tukiri kasoro moja: majedwali ya watu yote yatarundikana chini ya herufi M, `mgeni`, `mkulima`, `mteja`, `mtumishi`, `mwalimu`. Ni kweli, orodha inachosha macho. Kwa wingi yangerundikana chini ya W, kwa hiyo hakuna kilichopotea.

Mfumo uliokwisha kuanza kwa wingi uache kwa wingi. Nusu kwa nusu ni kubaya kuliko upande wowote.

Vipi maneno yasiyo na umoja: malipo, mauzo, mahudhurio, mapato?

Yatumie yalivyo. Usibuni `lipo` wala `uzo` ili kuitii kanuni. Jiulize swali moja tu: mstari mmoja wa jedwali hili ni nini? "Mstari mmoja ni malipo ya mtu mmoja kwa siku moja." Basi jedwali ni `malipo`, na safu inayoelekeza kwake ni `malipo_id`.

Swali hilo lina faida ya ziada. Ukishindwa kulijibu, tatizo haliko kwenye jina. Majedwali yaitwayo `taarifa`, `data`, `mengineyo` kwa kawaida yana vitu viwili au vitatu tofauti vilivyotupwa humo kwa haraka, na dalili yake ni safu nyingi zilizo tupu kwenye kila mstari.

Laravel inatafuta jedwali liitwalo `mwanafunzis`. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Laravel inachukua jina la modeli (kipande cha msimbo kinachowakilisha jedwali) na kulipa wingi wa Kiingereza, ndiyo unapata ujumbe kama huu:

```
SQLSTATE[42S02]: Base table or view not found: 1146
Table 'skuli.mwanafunzis' doesn't exist
```

Taja jina mwenyewe ndani ya modeli:

```
protected $table = 'mwanafunzi';
```

Kwenye Rails ni `self.table_name = "mwanafunzi"`. Django haiongezi wingi kwenye jedwali, bali inatanguliza jina la programu ndogo, ukapata `skuli_mwanafunzi`. Kama hulitaki weka `db_table` ndani ya `class Meta`. Ila kwenye ukurasa wake wa usimamizi itaandika "Mwanafunzis" mpaka uipe `verbose_name_plural = "wanafunzi"`.

Fanya hivyo kwa kila modeli tangu siku ya kwanza, hata zile ambazo zingebahatika kupita. Habari njema ni kwamba kanuni ya umoja inakwenda vizuri na sehemu nyengine za Laravel: uhusiano ulioandikwa `mkulima()` unatafuta safu `mkulima_id` wenyewe, bila kuambiwa.

Mfumo ulifanya kazi kwenye kompyuta yangu, nilipoupandisha kwenye seva majedwali hayaonekani. Kwa nini?

Mara nyingi ni herufi kubwa. Mlolongo wake ni huu. Umeunda jedwali kwenye XAMPP juu ya Windows, ukaandika `CREATE TABLE Mwanafunzi`. Huko mpangilio uitwao `lower_case_table_names` uko kwenye 1, kwa hiyo jina limehifadhiwa kwa herufi ndogo, `mwanafunzi`, na ukiuliza kwa `Mwanafunzi` au `MWANAFUNZI` unajibiwa vile vile. Ukitoa faili la SQL linatoka na herufi ndogo. Unalipakia kwenye seva ya Linux, ambako mpangilio huo uko kwenye 0 na kila herufi inahesabiwa. Msimbo wako bado unasema `Mwanafunzi`. Jedwali hilo halipo.

Usitarajie mwenye seva akubadilishie mpangilio. Kwenye MySQL 8.0 unawekwa wakati seva inaandaliwa mara ya kwanza tu. Baada ya hapo hauguswi. Rekebisha msimbo.

PostgreSQL ina mtego wake. Jina lisilo na nukuu inaligeuza kuwa herufi ndogo, lenye nukuu mbili inaliacha kama lilivyo. Mtu akiunda `"Mkulima"` kwa nukuu, kisha akaandika `SELECT * FROM Mkulima`, atajibiwa kwamba `mkulima` haipo, naye anaiona kwa macho yake kwenye orodha. Kuanzia hapo atalazimika kuweka nukuu kila mahali, maisha yote ya mfumo.

Herufi ndogo tupu, na kistari cha chini kati ya maneno: `kituo_ununuzi`. Kistari cha kati usikitumie, kwa sababu `karafuu-kavu` kanzidata inaisoma kuwa karafuu kutoa kavu. Wala usianze na tarakimu.

Niandike `tarehe_ya_kuzaliwa` au `tarehe_kuzaliwa`?

Toa kiunganishi. Kina sura nyingi mno, *ya*, *wa*, *cha*, *la*, *vya*, *za*, na anayeandika hoja (swali kwa kanzidata, *query*) saa kumi jioni hataki kukumbuka kama ni `kituo_cha_ununuzi` au `kituo_ya_ununuzi`. (Wapo wanaoandika la pili, na watalitetea.) `tarehe_kuzaliwa`, `kituo_ununuzi`, `namba_simu`, `jina_baba` zinaeleweka bila kupoteza chochote.

Hapa Kiswahili kinatupa zawadi. Kwa kuwa neno kuu letu hutangulia, `tarehe_kuzaliwa`, `tarehe_malipo` na `tarehe_usajili` zinajipanga pamoja kwenye orodha. Kiingereza kinazitawanya.

Safu za ndiyo na hapana ziitweje?

Hili ndilo gumu kuliko yote kwa Kiswahili, na halina jibu safi. Kitenzi kinavaa ngeli: mkulima *amesajiliwa*, karafuu *imepimwa*, cheti *kimetolewa*, jina *limehakikiwa*. Ukiyafanya kuwa majina ya safu, wazo lile lile linakuwa na kiambishi tofauti kwenye kila jedwali, na hakuna awezaye kulikisia.

Njia tunayoipendelea ni kuikwepa ndiyo na hapana kabisa, ukaweka tarehe. Badala ya `amelipwa` weka `tarehe_malipo`. Ikiwa tupu, hajalipwa. Safu moja inajibu maswali mawili, na la pili, lini, litaulizwa tu, tena na mkaguzi.

Pale ambapo tarehe haina maana, tumia `ni_` mbele ya sifa: `ni_mkaazi`, `ni_hai`, `ni_taslimu`. *Ni* haibadiliki kwa ngeli. Epuka kukanusha, kama `si_mkaazi` au `hajalipa`. Hoja yenye `WHERE NOT hajalipa` inahitaji kusomwa mara tatu.

Jedwali langu linaitwa `user` na PostgreSQL inanirudishia kitu cha ajabu.

`user` ni neno la SQL yenyewe. Ukiandika `SELECT * FROM user;` hupati kosa; unapata mstari mmoja wenye jina la akaunti uliyoingilia. Ndiyo maana linachanganya kuliko `order` au `group`, ambazo angalau zinakataa waziwazi.

Orodha ya maneno hayo huongezeka. `rank` na `groups` yalikuwa huru kwenye MySQL 5.7, yakahodhiwa kwenye 8.0. Mfumo wa matokeo ya mitihani uliokuwa na safu `rank` unavunjika siku ya kupandisha toleo, ilhali hakuna aliyegusa msimbo. `mtumiaji`, `agizo`, `kundi` na `nafasi` hayana hatari hiyo.

Ng'ombe, Ng'ambo: ile alama naiweka wapi?

Kwenye jina la jedwali au safu, iondoe: `ngombe`. Kwenye data iache, kwa sababu Ng'ambo bila alama ni kosa la tahajia. Ukiandika kwa mkono ndani ya SQL unairudia mara mbili, `'Ng''ambo'`; ndani ya programu usiibandike kabisa kwenye maandishi ya hoja, pitisha thamani kama kigezo.

Kinachosumbua zaidi ni simu. Baadhi ya kibodi zinabadilisha `'` ya kawaida kuwa `’` iliyopinda. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kanzidata ni herufi mbili, U+0027 na U+2019. Fomu 200 zikijazwa kwa simu na nyengine kwa kompyuta, Ng'ambo itagawika mara mbili kwenye ripoti. Igeuze wakati wa kupokea:

```
replace(jina, '’', '''')
```

Naweza kufupisha majina?

Kidogo sana. Kiswahili hakifupishiki kwa kukata, kwa sababu maana iko mwanzoni na mwishoni kwa pamoja. `mw` ni mwalimu, mwanafunzi, mwezi au mwaka? Na kuondoa kiambishi ndiyo mbaya zaidi: mkarafuu ni mti, karafuu ni zao lake, mnazi na nazi, mwembe na embe vile vile. Jedwali la kuhesabia miti likiitwa `karafuu`, mtu wa pili ataingiza kilo humo.

Vifupisho vinavyojulikana na kila mtu ofisini ni halali: `kg`, `tzs`, `usd`.

Jina likiwa refu mno inakuwaje?

Kikomo cha PostgreSQL ni baiti 63, cha MySQL herufi 64. Oracle ilikuwa baiti 30 hadi toleo la 12.2 lilipopandisha kuwa 128, na ndiyo sababu mifumo mikongwe ina majina yaliyobanwa.

Jedwali peke yake ni nadra kufika huko. Kinachofika ni jina la faharasa (*index*) ambalo fremuweki inalitunga yenyewe kwa kuunga jedwali, safu zote na aina. Hili lina herufi 68:

```
mahudhurio_mwanafunzi_mwanafunzi_id_somo_id_tarehe_mahudhurio_unique
```

MySQL italikataa. PostgreSQL italikata na kutoa taarifa ambayo hakuna anayeisoma; faharasa ya pili ikianza na herufi 63 hizo hizo ndipo utaambiwa tayari ipo. Lipe jina lako: `mahudhurio_siku_uq`. Na kwenye MySQL, jina la sharti la ufunguo wa kigeni (*foreign key*, safu inayoelekeza kwenye jedwali jengine) lisijirudie ndani ya kanzidata nzima, hata kama ni majedwali tofauti. Kwa hiyo tanguliza jina la jedwali.

Niwe na jedwali la kila wilaya, au la kila msimu?

Hapana. `ununuzi_wete`, `ununuzi_chake`, `ununuzi_mkoani`, `ununuzi_micheweni` ni jedwali moja lililopasuliwa vipande vinne, na ripoti ya Pemba nzima itabidi ivishone upya kwa `UNION ALL`. Ukiongeza safu unaongeza mara nne; siku moja utaongeza mara tatu. Mipaka nayo hubadilika: wilaya ya Magharibi sasa ni Magharibi A na Magharibi B. Mwenye safu `wilaya_id` anarekebisha mistari. Mwenye jedwali la kila wilaya anaandika mfumo upya.

Jedwali lenye mistari milioni kadhaa na faharasa juu ya `(kituo_id, wakati_kupima)` halichoki. Likikuzidi kweli, PostgreSQL tangu toleo la 10 ina ugawaji wake, na hapo vipande kuitwa `ununuzi_2025` ni sawa kwa kuwa hoja zinaelekezwa kwa jedwali mama.

Jedwali lenyewe laweza kuwa hivi:

```
CREATE TABLE ununuzi (
  id            bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  mkulima_id    bigint NOT NULL REFERENCES mkulima (id),
  kituo_id      bigint NOT NULL REFERENCES kituo (id),
  daraja_id     smallint NOT NULL REFERENCES daraja (id),
  mpimaji_id    bigint NOT NULL REFERENCES mtumishi (id),
  uzito_kg      numeric(8,2) NOT NULL CHECK (uzito_kg > 0),
  bei_kilo_tzs  numeric(12,2) NOT NULL,
  wakati_kupima timestamptz NOT NULL DEFAULT now(),
  tarehe_malipo date
);
```

Tazama `mpimaji_id`. Inaelekeza kwa `mtumishi`, lakini imeitwa kwa kazi yake, ili kesho `mlipaji_id` ikiongezwa zisigongane.

Mfumo tuliopewa kutoka bara una majedwali `kata` na `mtaa`. Tuyatumie kwa shehia?

Usiingize shehia ndani ya `kata`. Bara ngazi zinashuka mkoa, wilaya, kata, kisha mtaa au kijiji. Huku ni mkoa, wilaya, shehia, na sheha ndiye msimamizi wake. Ukiipachika shehia kwenye kata, `mtaa_id` itabaki tupu au itajazwa uongo. Tengeneza `shehia` yenye `wilaya_id`, na sharti la upekee juu ya `(wilaya_id, jina)` badala ya jina peke yake.

Kwa mikoa mitano ya Zanzibar tumia na alama za ISO 3166-2: TZ-06 Kaskazini Pemba, TZ-07 Kaskazini Unguja, TZ-10 Kusini Pemba, TZ-11 Kusini Unguja, TZ-15 Mjini Magharibi. Wilaya ziko 11, nazo zina mitego. Kusini ni wilaya iliyomo ndani ya mkoa wa Kusini Unguja. Chake Chake huandikwa kwa namna tatu. Na Mkoani ni wilaya ya Pemba, kwa hiyo safu iitwayo `mkoani`, kwa maana ya "yuko mkoa gani", itasomwa vibaya na kila Mpemba atakayeifungua.

Safu ya muda niiteje? `saa`?

Acha `saa`. Ni chombo cha mkononi, ni kipimo, na ni wakati wa siku, tena kwa hesabu mbili: boti ya saa 1 asubuhi kwenye kanzidata ni 07:00. Gawa hivi: `tarehe_` kwa siku ya kalenda, `wakati_` kwa siku pamoja na saa, `muda_` kwa urefu, na kipimo chake mwishoni, `muda_safari_dakika`. Weka `timestamptz` na ukanda `Africa/Dar_es_Salaam`, ambao ni UTC+3 mwaka mzima. Hesabu ya Kiswahili ifanyike kwenye kioo tu, isiingie ndani.

Vipimo vingine ni vivyo hivyo. Hoteli inayotoza kwa dola na shilingi iwe na `bei_usd` na `bei_tzs`, isiwe na `bei` tupu.

Majina ya watu: `first_name` na `last_name`?

Havitutoshi. Mtu huku ni jina lake, la baba na la babu: `jina_kwanza`, `jina_baba`, `jina_babu`. Jina la ukoo liwe safu ya hiari. Namba ya simu na namba ya kitambulisho ni maandishi, si tarakimu, la sivyo sifuri ya mwanzo itapotea.

Jedwali la kati, kati ya mwanafunzi na somo?

Laravel inatarajia majina mawili ya umoja kwa alfabeti, `mwanafunzi_somo`, na hilo linatosha likiwa na funguo mbili tu. Likianza kubeba tarehe au alama, limekuwa kitu chenyewe. Lipe jina lake, `usajili_somo`.

Nitangulize `tbl_`?

Hapana. Haisemi lolote usilolijua, na siku jedwali likigeuzwa kuwa mwonekano (*view*, hoja iliyohifadhiwa inayosomeka kama jedwali) inasema uongo.

Mfumo uko kazini na majina ni mabaya. Nibadilishe vipi?

Jedwali moja kwa wakati, na jina la zamani libaki kama mwonekano. Kwenye PostgreSQL:

```
BEGIN;
SET LOCAL lock_timeout = '5s';
ALTER TABLE wakulima RENAME TO mkulima;
CREATE VIEW wakulima AS SELECT * FROM mkulima;
COMMIT;
```

`lock_timeout` inazuia amri yako isikae foleni nyuma ya ripoti ndefu huku ikiwazuia wengine wote nyuma yake. Ikishindwa, hakuna kilichobadilika. Jaribu tena baadaye. Mwonekano rahisi kama huu unapokea hata `INSERT` na `UPDATE`, kwa hiyo msimbo wa zamani unaendelea. Lakini ruhusa haziuhamii mwonekano: zimebaki kwenye jedwali. Bila `GRANT` mpya, programu itaambiwa haina ruhusa. Na `SELECT *` imeganda siku ulipouunda mwonekano. Safu utakazoongeza baadaye hazitaonekana humo.

Funguo za kigeni zinafuata zenyewe. Majina ya `wakulima_pkey` na `wakulima_id_seq` hayafuati. Yabadilishe kwa `ALTER INDEX` na `ALTER SEQUENCE`.

Kwenye MySQL tumia `RENAME TABLE wakulima TO mkulima;` kisha `CREATE VIEW`. Amri hizi hazirudishwi kwa `ROLLBACK`, na baina ya ya kwanza na ya pili jina la zamani halipo, basi fanya usiku.

Kabla ya kulala, fungua skripti ya chelezo. Ikiwa inataja majedwali kwa majina na `wakulima` limo, `mysqldump` haitalalamika. Itaandika maelezo ya mwonekano, itamaliza bila kosa, na faili halitakuwa na mkulima hata mmoja. Kwa `pg_dump -t` ni hivyo hivyo. Badilisha jina ndani ya skripti, iendeshe kwa mkono, kisha utafute ndani ya faili jipya `` INSERT INTO `mkulima` ``, au `COPY public.mkulima` kwa PostgreSQL.